Hukumu Yangu juu ya Dubwana la Kijani

Ilikuwa harufu ya rangi ya kucha. Juzi nilikuwa namsaidia mama kuhamisha vitu vya duka lake la midoli pale Kariakoo, nikafungua kopo la biskuti lililojaa vikorokoro, harufu ikanijaa puani. Kichupa cha rangi hiyo, nyekundu, kilikuwa kimevuja. Chini yake lilikuwa limelala dubwana langu la plastiki, zawadi ya kutimiza miaka kumi.

Niwaambie ukweli, nilikuwa mtoto asiyevumilika. Midoli ya dukani kwetu niliidharau kwa moyo wote. Wabeba mizigo walipotua katoni mlangoni, mimi nilikaa juu ya ndoo nikatoa hukumu. Dubwana hili limechongwa na mtu ambaye hajawahi kuona hata mjusi. Lile, jicho moja linatazama Gerezani, jingine Buguruni. Hilo jingine ukilinyanyua mkono, unabaki nao. Wateja walicheka, wengine wakaondoka bila kununua. Mama, ambaye takataka hizo ndizo zilizotulisha, aliendelea kuipanga rafuni.

Utaalamu huo niliupata kwa Nilesh, mwanafunzi mwenzangu aliyeishi ghorofani juu ya duka. Mjomba wake alimletea dubwana kutoka Japani, magamba yamechongwa moja moja, rangi imeingia mpaka ndani ya kinywa, viungo vinageuka hadi vidole vya miguu. Nilesh alilifungia kwenye kabati la kioo wala hakulichezea, mjinga yule. Mimi nililitaka mpaka nikaliota. Nikamwambia mama bila haya kwamba kama siku yangu ya kuzaliwa sipati la aina ile, basi nisipewe kitu.

Siku ikafika. Nilesh alikuwepo na watoto wa jirani sita au saba. Mama akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakaa karibu yangu kuliko kawaida yake. Ndani mlikuwa na dubwana la kijani. Wenzangu wote wakanizunguka wakinisubiri, na mimi nilikuwa na sifa ya kulinda.

Nikaanza na mshono wa ubavuni, nikasema umekaa kama kidonda. Magamba ya kifuani hayafanani na ya mgongoni, utadhani ni madubwana mawili. Nikauvuta mkono, ukagoma. Nikamalizia na macho, mekundu, yanang'aa kupita kiasi, moja kubwa kuliko mwenzake.

"Aliyepaka macho haya alikuwa anasinzia," nikasema.

Walicheka mpaka Nilesh akashika tumbo. Nilijiona mwerevu kuliko wote Kariakoo.

"Mkono usiuvute mbele, Godi," mama akasema taratibu. "Anzia nyuma kwanza, ndiyo uupandishe."

Sikujaribu. Nililitupia juu ya friji nikadai keki. Mama alikata keki, vidole vyake vina madoadoa mekundu. Huyu ni mama ambaye hajapaka kucha rangi maisha yake yote, maana katika kanisa letu jambo hilo halikupendwa. Niliyaona madoa yale. Nikadhani ni rangi ya keki.

Juzi ndipo nilipoligeuza lile dubwana mkononi nikaona mstari wa gundi. Mawili yaliyovunjika kwenye katoni zetu yalikuwa yameunganishwa likawa moja. Kumbe hilo la madubwana mawili nililisema mwenyewe mbele ya watu, na bado sikuelewa nilichokisema. Mtaalamu gani huyo.

"Macho haya ulipaka wewe," nikamwambia mama.

Aliendelea kufunga katoni yake.

"Nilikuwa nasinzia kweli," akasema.

Niliona aibu, nikashindwa hata kumwomba radhi. Nikalichunguza tena, maana ndiyo kazi niliyojipa tangu utoto. Mshono ni mbaya. Macho ni mabaya, hilo silifuti. Kisha nikauanzia mkono nyuma, kama nilivyoambiwa siku ile, ukapanda mpaka juu.