Jicho la Kwarara

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunichoma kwa aibu, ingawa mvi zimeshanijaa. Nilikuwa kijana wa kupiga picha za harusi kule Westlands, nimetoka kununua kamera ya dijitali, na kichwa kimenivimba.

Mama Jaswinder, mjane wa Muthangari aliyewahi kuendesha studio ya picha mjini na marehemu mumewe, aliniita kwake. Wanawe walikuwa wameuza kiwanja cha nyumba yake. Mle uani mlikuwa na mti wenye kiota cha kwarara, wale ndege wa domo refu wanaotuamsha kwa kelele, na mti huo ungekatwa makinda wakisharuka. Alitaka picha moja tu, ya kwarara akirudi kulisha wanawe. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hangeweza kuipiga mwenyewe.

Akaitazama kamera yangu. "Kijana, umeacha ichague fokasi yenyewe, ichague nini kitoke wazi. Itajuaje unataka ndege, si jani? Chagua pointi moja hapo kwa kioo, weka kwa jicho ya ndege. Halafu wacha fokasi ifuate ndege, isishike mara moja ikaganda."

"Mama, hayo yalikuwa mambo ya filamu," nikamjibu nikicheka. "Hii inajipanga yenyewe."

Nilicheka, mwanangu! Mbele ya mtu aliyeshika kamera kabla sijazaliwa.

Kwarara akaja, nikabonyeza mfululizo. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilionekana safi. "Zimetoka poa," nikamwambia, wala sikuzikuza kuzikagua. Nilipokuja kuziosha dukani wiki kadhaa baadaye, makinda walikuwa wameruka na mti umeshalala chini. Kila jani limetoka na mishipa yake, na ndege ni ukungu wa kijivu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikampelekea iliyo afadhali. Akaisogeza karibu na macho. Kisha akanipapasa mkono.

"Asante, mtoto yangu. Majani ya mti yangu imetoka vizuri."

Heri angenitukana.

Basi sikia. Ukienda kupiga ndege picha, usiiachie mashine ikuchagulie. Chagua pointi mwenyewe, iweke jichoni, iache imfuate anaporuka, na uikuze picha kabla hujaondoka. Mkubwa akikuelekeza, jaribu kwanza analosema, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu bado linauma. Mungu akujalie mkono mtulivu na sikio jepesi, na akuepushe na kushukuriwa kwa majani.