Nimepiga magoti na mgeni kutoka Sweden

Msinicheke.

Leo nimeanza kazi mapokezi, nyumba ya wageni ya shangazi hapa Butimba. Alinionya, "Usipozungumza na wageni, kesho unarudi Magu."

Akaingia bibi wa Kiswidi. Nikapiga magoti kumwamkia.

Akadhani nimeangusha kitu. Naye akapiga magoti, akaanza kutafuta.

Kwa aibu nikatamka neno pekee la Kiswidi nililojifunza kwenye simu: "Stor." Yaani, kubwa.

Uso wake ukang'aa. Tukiwa bado chini, akanionyesha dirishani. Ziwa, stor. Nyumba, stort. Mawe yale mengi, stora.

Kumbe hata kwao kivumishi hubadilika kulingana na nomino yake, kama mkubwa, kikubwa, makubwa.

Shangazi akachungulia. "Mnatafuta nini huko chini?"

"Tunazungumza, shangazi."