Injini Iliyokataa Kufa

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye gereji moja ya Eastleigh nikingoja kubadilishiwa plagi. Mzee mmoja dereva wa teksi akaingia, akaiacha injini ikinguruma, akashuka na mikebe mitatu ya oili. Akaipanga chini mbele ya fundi kama mgonjwa anayemwonyesha daktari dawa zake.

"Fundi, hebu soma. Huu unasema usichanganywe na oili nyingine. Huu nao eti unachanganyika na yoyote. Na huu unaapa injini haitakufa kamwe. Sasa niamini upi?"

"Kwani umetia upi?"

"Yote. Ningejuaje ni upi unaodanganya?"

Fundi akacheka, akafungua boneti. "Zima, mzee, nipime oili."

Mzee akazima, akachomoa ufunguo. Injini ikaendelea kugonga, polepole, kama mtu anayebisha hodi akijua mmo ndani. Mzee akainua ufunguo tuuone sote.

"Nimezima," akanong'ona.

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaziba kwa kiganja mdomo wa kabureta, injini inapovutia hewa, akakandamiza, mpaka gari likatetemeka na kunyamaza.

Akatueleza kwamba ni masizi ndani ya silinda. Yakishika moto, huwasha petroli bila ufunguo. Nilimwelewa. Lakini alikuwa akikifuta kile kiganja muda mrefu kuliko grisi inavyohitaji.

Mzee aliondoka na mikebe miwili. Wa tatu, ule ulioapa, hakuugusa. Matangazo ya uongo tumeyazoea. Hili lilituogopesha kwa sababu lilitimia.