Sauti Aliyoigawa Mwalimu Waya

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Waya kwa sababu hawakuwahi kumwona bila waya. Waya wa kuchajia shingoni, waya wa kipaza sauti mfukoni, na mwingine ambao hata yeye mwenyewe hakujua unachomekwa wapi, lakini thubutu umwambie autupe. Alifundisha sayansi katika shule isiyo na maabara, na kwa kuwa hakuwa na chupa wala jiko la kuwaonyesha watoto, aliamua kuwaonyesha kwa video. Wazo zuri, nani angelipinga? Tatizo lilikuwa sauti yake. Mungu alimpa mwalimu yule akili, akasahau koo. Akianza kueleza somo, darasa zima linadhani bado anakohoa ili aanze.

Kwa hiyo masomo aliyasoma mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Sauti alikuwa nayo, jamani! Ya taratibu, yenye kicheko kilichojificha chini yake, utadhani kila neno lina mzaha anaokuwekea wewe. Walirekodi katika chumba chake cha kushonea, katikati ya magauni ya wateja yaliyotundikwa, maana nguo humeza mwangwi. Fundi anazima cherehani, mwalimu anafunga dirisha, kisha wote wawili wanakaa na jasho lao wakimsubiri jirani mwenye mashine ya kusaga unga azime naye. Wakipata kimya wanaanza, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

"'Mvuke hutokea pale kimiminika kinapopata nishati ya joto,'" Fundi anasoma, kisha anaweka karatasi pembeni. "Mwalimu, nani anaongea hivi nyumbani kwake?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Basi kiite hicho kitabu kije kisome."

Na yeye anasema kwa namna yake: ukipitisha pasi ya moto juu ya nguo mbichi, ule moshi mweupe unaokupiga usoni, hayo ndiyo maji yanakuaga. Mwalimu ananuna, anakunja uso, halafu anairekodi hivyo hivyo. Watoto waliielewa.

Picha za mawingu, mito na moyo wa mwanadamu unaodunda mwalimu hakuwa na uwezo wa kuzipiga. Alizitafuta mtandaoni kwa watu walioziachia huru: chukua, tumia, mradi utaje jina la mwenyewe. Mwalimu alikuwa mwaminifu katika jambo hilo mpaka akawa kero. Mwishoni mwa kila somo majina yalipita kama kwenye sinema kubwa. Hata mtu aliyetoa sauti fupi ya mvua kwenye bati alitajwa na kushukuriwa. Na kwa kuwa alikula vya watu, naye akaona atoe vyake. Masomo yote aliyapakia kwenye chaneli yake chini ya leseni huria, ile pana kuliko zote: yeyote achukue, akate, aongeze, atafsiri, hata auze akitaka, mradi amtaje.

"Hata auze?" aliuliza mwalimu mwenzake wa hesabu. "Si ungezuia biashara angalau? Mbona ipo leseni ya namna hiyo?"

"Nizuie nini? Elimu si shati, kwamba ukimpa mtu wewe unabaki kifua wazi."

Walimu wakacheka, wakamsifu. Na kompyuta ya shule ilipojaa, akafuta rekodi zote za mwanzo ili apate nafasi ya masomo mapya, na kila jipya nalo akalifuta likishapanda kwenye chaneli. Kitu ukishakigawa kwa watu wote, alisema, kitapoteaje? Wapo wengi mno wanaokitunza. Mtu mwenye busara zake, na alisema hivyo bila hata kusita.

Kisha koo la Fundi likaanza kuuma. Akanywa maji ya moto, akasukutua chumvi, akasema litapoa lenyewe. Halikupoa. Walipofika hospitali kubwa daktari aliongea nao kwa upole ambao haukuwa na dalili njema, na baada ya upasuaji Fundi akarudi nyumbani mzima, akiwa na kitambaa shingoni na pumzi inayopiga mluzi. Uhai waliupata. Sauti haikurudi. Tangu hapo alizungumza kwa chaki yake ya kukatia, akiandika kwenye vipande vya vitambaa vyeusi vilivyobaki kwa wateja, na akitaka kuita mtu anagonga meza kwa mkasi. Mwalimu hakurekodi tena. Chaneli yake hakuifungua hata mara moja. Angewezaje kumsikiliza mke wake akicheka humo ndani, na mwenyewe yupo chumba cha pili akipumua kwa mluzi?

Mwaka uliofuata binti yao akapata kazi ya mbali, akamleta mtoto wake alelewe kwao. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huyu wa kwao, aliyekulia mbali na hajawahi kukutana na bibi yake, alikuja kwa miguu yake, akiwa na begi la mgongoni na mapengo mawili. Siku hiyo hiyo babu akampa jina la Kidoti, kwa alama iliyokuwa shavuni. Alikuwa wa maswali. Alasiri moja, babu akisahihisha madaftari na bibi akipindia suruali, mtoto akauliza bila kuinua kichwa:

"Babu, bibi alizaliwa bubu?"

Cherehani ikasimama. Masikio ya Fundi yalikuwa mazima kabisa. Akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake, akamnyanyulia mumewe kitambaa: MWAMBIE NILIKUWA NASEMA.

"Kusema?" mwalimu akaruka kutoka kitini. "Kusema si kusema! Kidoti, njoo ukae hapa. Leo utamsikia bibi yako mpaka umwombe anyamaze."

Akatoa simu, akafungua chaneli. Ukurasa mtupu. Akafunga, akafungua tena. Kulikuwa na maandishi mafupi tu: chaneli imefungwa kwa sababu sauti iliyomo ni mali ya kampuni ya masomo, ikatajwa kwa jina. Chini yake kulikuwa na maonyo ya miezi mingi, yamejipanga, na hakuna hata moja alilolisoma.

"Babu, mbona hasemi?"

"Mtandao," alisema. "Mtandao mbovu leo."

Fundi akamtazama. Amekaa na mtu yule miaka, anajua akidanganya anashika waya wa shingoni, na wakati huo alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Fundi akarudi kwenye suruali yake.

Kesho yake mwalimu alianza kutafuta. Hakuwa na wasiwasi sana, kusema kweli. Masomo yake yalikuwa yametumiwa na walimu kila pembe, waliomwandikia kumshukuru. Akawaandikia mmoja mmoja: nitumie nakala uliyonayo. Na wakamtumia, watu wema wale, siku hiyo hiyo. Akafungua ya kwanza kwa pupa. Mawingu yake yale yale, mto wake ule ule, jina lake mwishoni, limeandikwa vizuri. Sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Nimeiboresha, mwalimu wangu!" aliandika mwenye kuituma. "Sauti ya yule mama nimeiondoa, nimeweka ya kwangu, maana watoto wangu wamenizoea mimi. Leseni yako imetusaidia sana, Mungu akubariki."

Ya pili ilikuwa imetafsiriwa lugha nyingine. Ya tatu ilikuwa ya muziki mtupu na maandishi. Ya nne ilisomwa na wanafunzi kwa zamu, wanachekacheka. Kila mtu alikuwa amefanya kile hasa alichoruhusiwa kufanya, na kila mtu alikuwa ametaja jina lake. Angemgombeza nani? Kijana mmoja ambaye mwalimu aliwahi kumfundisha alikumbuka kwamba alikuwa na somo la mvuke kwenye simu, sauti ya Fundi na kila kitu. Simu ilizama chooni zamani. Mwalimu alimshukuru hata huyo.

Ikabaki kampuni. Akapakua programu yao ili apate ushahidi. Ilipofunguka kikatokea kikaragosi cha mama wa makamo mwenye miwani, na sauti ikasema: "Karibu, mwanafunzi! Mimi ni Bibi Elimu. Tuanze na hesabu."

Mwalimu aliidondosha simu. Ilikuwa sauti ya mkewe, na kicheko chake kile kile chini ya maneno. Lakini mkewe hakuwahi kusoma hesabu, wala hakuwahi kuwa Bibi Elimu. Walikuwa wamechukua masomo yake, wakaifundisha mashine kusema kama Fundi, na sasa mashine inasema chochote inachoandikiwa. Kisha wakaenda kuisajili sauti hiyo kuwa yao, na mlinzi wa mtandao, ambaye naye ni mashine, akakuta sauti yao kwenye chaneli ya mwalimu, akamfungia mwizi. Ndivyo alivyoitwa yeye. Akaificha programu ile kwenye kona ya mwisho ya simu, mkewe asije akaisikia.

Akapiga simu ofisini kwao. Akapokelewa na dada mwenye adabu za kupitiliza.

"Mzee wangu, pole sana. Nakuelewa kabisa. Ila leseni uliyoitoa inaruhusu matumizi."

"Matumizi, ndiyo! Kutumia si kumnyang'anya mwenyewe. Mmetumia, mmeniondoa na mimi. Jina langu mmelitaja wapi?"

"Nakuelewa kabisa, mzee."

"Ukinielewa mbona huniambii kitu? Hiyo ni sauti ya mke wangu, dada yangu. Mke wangu wa ndoa."

"Nakuelewa. Basi kuna utaratibu. Mwenye sauti aingie kwenye kiungo nitakachokutumia, asome sentensi zitakazotokea. Mfumo utalinganisha. Ikilingana, chaneli inarudi yote na masomo yake."

Mwalimu akaushika waya wake.

"Hawezi kusoma," alisema.

"Hajui kusoma? Kuna msaada wa..."

"Anajua kusoma. Hana sauti. Walimfanyia upasuaji."

Kwa mara ya kwanza dada yule akaongea bila zile adabu zake. "Jamani. Pole, baba. Lakini mimi hapa sina njia nyingine, nisikudanganye. Mfumo hautaki vyeti, unataka sauti."

Alidhamiria kutomwambia mkewe. Lakini Fundi alishamsikia kupitia ukuta, na alipotoka nje akamkuta amesimama mlangoni, kitambaa tayari mkononi: NITASOMA.

"Mke wangu, hebu acha. Tutajitesa bure."

Fundi akaligonga lile neno kwa kidole, mara mbili, vumbi la chaki likadondoka.

Basi wakaingia chumba cha kushonea. Mwalimu akafunga dirisha. Fundi akazima cherehani, akavua kitambaa cha shingoni, akakaa wima kati ya magauni. Jirani alikuwa anasaga, wakasubiri. Kulipotulia, sentensi ikatokea kwenye simu: Jina langu ni, kisha nafasi tupu. Fundi akafumbua mdomo. Midomo ilisema kila silabi, taratibu, kwa namna yake ile ile, na kilichotoka kilikuwa pumzi na mluzi. Akasoma sentensi zote mpaka mwisho, hakuruka hata moja, mishipa ya shingo imesimama. Mwalimu alishikilia kipaza sauti na kutazama sakafu. Alitaka kulia kwa sauti kubwa, akaona aibu kuwa na sauti.

Jibu halikuchelewa. Sauti iliyotumwa hailingani na sauti iliyosajiliwa. Ombi limefungwa.

Fundi alilisoma, akatikisa kichwa, akafunga kitambaa chake shingoni. Kulikuwa na sketi za sare zinazosubiri vifungo, na wenyewe wangekuja jioni.

Siku chache baadaye mwalimu alikuwa barazani akikunja waya zake. Kidoti alikuwa chumbani kwa bibi, chini, na simu ya babu mkononi. Kuandika jina lake alikuwa amejifunza karibuni shuleni, na aliliandika popote alipopata nafasi, hata kwenye ile programu aliyoificha babu, ilipomuuliza anaitwa nani. Bibi yake alikuwa anashona.

"Karibu, Kidoti!" ikasema simu. "Leo tutajifunza nini?"

Cherehani ikanyamaza. Mwalimu alisikia, akatupa waya, akakimbilia ndani kuinyakua simu ile. Fundi akamdaka kwa shati na kumzuia. Macho yake yalikuwa yamemtoka. Mtoto alikuja kwao baada ya upasuaji. Jina lile Fundi hakuwahi kulitamka, hata mara moja, na sasa alijisikia akilitamka, sawasawa, kwa upole, kama ambavyo angelitamka.

Akachukua chaki. NI MIMI HUYO, aliandika, akamwekea mtoto mbele ya macho.

Kidoti akasoma herufi kwa herufi. Akaitazama simu, akamtazama bibi yake, akaangua kicheko kwa mapengo yake. "Bibi nawe! Huyu anaongea."

"Ni kweli, mjukuu wangu," mwalimu akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya bibi yako. Ya huyu hapa."

"Babu, usinitanie. Wewe kila siku unasema mtandao mbovu."

Fundi alikuwa bado ameinua kitambaa.

"Kidoti!" simu ikaita tena. "Upo?"

Mtoto alikuwa amelelewa vizuri. Akiitwa na mkubwa huitika. Akageuka, akampa bibi yake mgongo, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Abee, Bibi."