Nilimdanganya mke wangu kwamba bado nina mionzi mwilini

Habari admin. Naomba ufiche jina langu, maana huku kijijini Shishiyu tunajuana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 58, mkulima wa pamba, nina mke na watoto watano. Mwaka juzi niligundulika na saratani ya tezi dume, nikapelekwa Mwanza kutibiwa kwa mionzi. Mke wangu alibaki nyumbani na shamba. Kabla ya kuanza, daktari aliniambia, "Mzee, mionzi inaweza kupunguza nguvu za kiume, tena polepole. Ukiona mabadiliko usinyamaze, njoo na mama. Kuna vidonge, kuna mazoezi, mtasaidiwa." Nikamjibu, "Daktari, mimi nataka kupona kwanza." Nikacheka.

Nilirudi, miezi ya mwanzo nikawa sawa. Baadaye mwili ukaanza kugoma. Mara ya kwanza nikasingizia uchovu wa palizi. Mara ya pili mke wangu akaniuliza kwa upole, "Baba Kulwa, kuna nini?" Nikaona aibu, maneno yakanitoka yenyewe: "Daktari amekataza. Mionzi bado imo mwilini, itakudhuru."

Ndugu zangu, aliamini. Akahamia chumba cha pili. Sikujua uongo ule ungefika wapi. Akaanza kunitengea kikombe na sahani za peke yangu. Binti yetu alipokuja na wajukuu, yule mdogo alinikimbilia, mke wangu akamdaka mkono: "Usimkalie babu, anaumwa." Mtoto akalia. Mimi nikatazama chini kama mwizi. Mpaka leo wajukuu wananisalimia wakiwa mlangoni.

Mwezi uliopita nilienda kliniki. Ugonjwa umetulia, namshukuru Mungu. Daktari akauliza habari za ndani ya nyumba, nikamweleza yote. Akasikitika. "Mzee, mionzi ile haikai mwilini. Ulivyotoka tu kwenye mashine, ungeweza kumbeba mjukuu." Akanifundisha mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, akasema vidonge ataniandikia akishapima moyo na presha, ila nirudi na mke wangu, kwa sababu jambo hili ni la watu wawili.

Nimerudi nyumbani na sijasema kitu. Juzi tukichambua mchele, mke wangu akaniuliza, "Hiyo mionzi itaisha lini? Nimechoka kukuogopa." Nikasema, "Bado kidogo." Akafuta macho kwa kanga, akasema, "Basi kliniki ijayo tunaenda wote. Nitamuuliza daktari mwenyewe."

Kliniki ni wiki ijayo. Ameshapiga pasi gauni lake la kanisani. Nikinyamaza, atausikia ukweli mbele ya daktari. Nikisema leo, nitamwambiaje kwamba mwaka mzima amelala peke yake, na wajukuu wamefukuzwa mapajani mwangu, kwa sababu tu niliona aibu?

Wanawake mlioolewa, hasa ninyi, niambieni: mume aanzie wapi ili asikilizwe? Nishaurini, msinitukane.