Milioni Moja na Tatu

Mpaka leo, nikipita mbele ya depo za kakao hapa Butembo na ile harufu chachu ikinipiga puani, kichwa changu kinaanza kugawanya chenyewe. Hapana ugonjwa, musinicheke. Ni hesabu ambayo sikuimaliza.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Beni, Papa ananunua kakao kwa walimaji. Na mdomo nilikuwa nao, jamani! Papa alizoea kusema, "Huyu Kavira akinyamaza, mujue amekufa."

Siku moja, saa saba ya mchana, Mama akiwa safarini, risasi zikalia upande wa barabara, kisha mayowe: waasi wa porini wameingia. Papa alitusukuma mimi na Yaya Masika, dada yangu mkubwa, ndani ya depo nyuma ya magunia, akakimbia kufunga mlango wa kiwanja. Tulisikia shoka likiupasua ule mlango. Yaya alikuwa ameweka jicho kwenye ufa wa ubao. Nilipofungua mdomo nimwite Papa, Yaya alinibana kwa kiganja mpaka nikaonja damu, wala hakugeuka kunitazama. Akaokota kipande cha makala, yale makaa ya kupikia, akanipa.

"Milioni moja na tatu," alininong'oneza. "Tafuta namba yenye inaigawanya, kusibakie kitu. Ukilia, batatukata."

Hesabu ndiyo ilikuwa majivuno yangu. Niliandika juu ya gunia. Kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena! Nilikasirika, nikadhani nimekosea, nikarudia. Nje, mama jirani alikuwa akisali Salamu Maria kwa sauti kubwa, panga likamkata katikati ya sala. Makala ikanivunjikia mkononi.

"Kumi na saba," Yaya akasema.

Ikabaki kumi na mbili. Nyumba ya jirani ikashika moto, moshi ukatuingilia, nikakohoa ndani ya gunia na kuendelea. Nilikuwa kwenye sabini na tatu wakati basoda, wanajeshi wa serikali, walipofika wakipiga kelele, "Bobima!" Tutoke. Yaya alinifunika uso kwa kikwembe chake, akanibeba kupita kiwanjani.

"Yaya, hii hesabu haiishake!"

"Endelea tu, leki, mdogo wangu."

Papa tulimzika kesho yake.

Miaka mingi baadaye, mwalimu alitufundisha namba premier, zile zisizogawanywa na kitu ila moja na zenyewe. Yangu ilikuwamo. Nilimwendea Yaya na hasira: kumbe alinidanganya!

"Niliijua," alisema, akacheka. "Mwalimu alitupiga fimbo darasa nzima juu yake, kabla ya kutuambia haigawanyike." Kisha kicheko kikamwisha. "Nilikuwa nimekwisha kumuona Papa anaanguka. Nilitaka namba yenye haitaisha."

Alikuwa na miaka kumi na minne, jicho kwenye ule ufa mpaka mwisho, na yeye hakuna mutu aliyemupa namba.