Mbegu Zilizokataa Kuota

Sipendi kulisema hili, ila limenikwama kooni. Mwaka huu wa tisini na nane, hapa Guangzhou, mimi mzee mzima, kiongozi wa ibada ya sisi wafanyabiashara wa Mbeya, nilijaribu kuotesha bangi. Magoti yalikuwa yananiua, na marehemu babu alikuwa akikanda yake kwa majani hayo. Babu mwenyewe alikuwa mkorofi, lakini hayo tuyaache.

Mbegu niliziona mtaa wa Yide, kwenye duka la vyakula vikavu, gunia liko wazi kama la dengu. Nikajiona mjanja, nikasema Wachina hawajui wanachouza. Sikumuuliza mtu, ningemuuliza nani? Nikazilowesha, nikazisugua kwa mchanga, nikazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, nikazitia koponi chini ya kitanda. Wiki mbili nzima haikupasuka hata moja. Zikaoza.

Jumapili tukasali chumbani kwangu. Mama Neema, mmoja wa waumini wetu, akafuata harufu, akalitoa kopo.

"Mzee, umeficha nini humu?"

"Mchicha, mama. Nimekumbuka nyumbani."

Mwenye nyumba, mama wa Kichina, alikuwa mlangoni. Akachungulia, akacheka, akasema maneno mengi. Mkongo mmoja tunayesali naye, anayejua lugha yao, akatafsiri taratibu.

"Anasema hizi ni mbegu za bangi. Wazee wao huzila kulainisha choo. Huuzwa zimeshakaangwa, haziwezi kuota. Anauliza, mzee alitaka kuzipanda za nini?"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mama Neema akaichukua Biblia mapajani mwangu, akampa yule Mkongo.

"Tuendelee na wewe, kaka."